Msitu Upo Hatua Chache, Nani Atampeleka Mtoto?

Wiki hii tuzungumzie tope. Ndiyo, tope lile lile tulilolifinyanga tukiwa wadogo, tukalipika kwenye vifuu vya nazi na makopo ya maziwa, tukamwandalia mgeni wa kubuni chai na maandazi. Wengine waliita kujipikilisha, Nairobi wakaita kalongolongo. Hakuna mtu mzima aliyekaa akaupanga mchezo ule. Ulikuwepo kwa sababu udongo ulikuwepo, muda ulikuwepo, na bibi au dada mkubwa alikuwa karibu akipepeta mchele huku jicho moja likiwa kwetu.

Watoto wetu wa Hyattsville nao wana udongo. Ukishuka kituo cha metro cha West Hyattsville, mwendo mfupi tu unakufikisha kwenye kijito cha Northwest Branch, na kando yake ipo njia ya waenda kwa miguu na baiskeli inayopita chini ya miti. Kijito hicho kinateremka hadi kukutana na mwenzake, Northeast Branch, karibu na Bladensburg, na hapo ndipo Mto Anacostia unapoanza. Ndani ya mji ipo bustani ya David C. Driskell, yenye viwanja vya michezo na kipande cha msitu. Familia nyingi zinazokaa kwenye maghorofa ya kupanga upande wa Queens Chapel Road zinaweza kufika kwenye miti kwa miguu kabla uji haujapoa.

Lakini itazame wiki ya mtoto wa miaka minne. Saa moja asubuhi anafungwa mkanda kwenye gari. Mchana kutwa yuko deikea. Saa kumi na mbili jioni anafungwa mkanda tena. Mama ametoka zamu ya hospitali, baba anaingia zamu yake, chakula kinapashwa, simu inawashwa ili mtoto atulie, kisha kulala. Jumamosi ni kufua, ununuzi na harusi ya mtu. Mzazi hana kosa hapo, maisha ya huku tunayajua. Ila hesabu inabaki palepale: saa ambazo mtoto yuko macho na jua liko juu, nyingi yuko na mwalimu au mlezi wake, wala si nasi.

Kwa hiyo hoja yangu leo ni moja. Msitu upo, kijito kipo. Anayeamua kama mtoto atagusa jani ama hatagusa ni yule mtu mzima wa deikea, na mtu huyo anahitaji kufunzwa. Upendo alio nao kwa watoto ni wa lazima, lakini peke yake hautoshi.

Mchezo gani tunaouzungumzia?

Kucheza katika mazingira asilia si ziara ya kukaririshwa majina ya miti. Wala si kumpandisha mtoto kwenye mtelezo wa plastiki uliozungushiwa uzio. Mtelezo ni mzuri, lakini kazi yake ni moja: unapanda, unateleza, basi. Kijiti kina kazi mia. Leo ni mwiko, kesho ni fimbo ya mchungaji, keshokutwa ni daraja la sisimizi. Mwaka 1971 msanii Mwingereza Simon Nicholson aliandika hoja ambayo walimu wa watoto wadogo wanaitumia hadi leo: kadiri mahali panavyokuwa na vitu vingi vinavyoweza kuhamishwa, kupangwa na kubadilishwa, ndivyo watu wanavyozidi kubuni na kugundua. Msitu umejaa vitu vya namna hiyo, na vyote ni bure.

Mtoto anayebeba gogo na mwenzake anajifunza kusema "shika huku, inua, pole pole". Anayevuka tope kwa kukanyaga mawe anajifunza kupima mwili wake. Anayechuchumaa kumtazama konokono kwa dakika kumi anajifunza kutulia, jambo ambalo tunalalamika kila siku kwamba watoto wa leo hawaliwezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na muda wa skrini usizidi saa 1. Dakika 180 hazipatikani kwenye zulia la darasa.

Tuna shahidi wetu pia. Wangari Maathai alipopokea Nobeli ya Amani kule Oslo, Desemba 2004, aliwasimulia wakubwa wa dunia kuhusu kijito cha utotoni mwake Nyeri, alikokwenda kumchotea mama yake maji. Alikuwa akijaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga, yakikatika kila mara, na baadaye akaviona viluwiluwi vikiogelea. Kisha akasema kijito kile kilikuwa kimekauka. Huyu ni mwanamke aliyekuja Marekani kusoma mwaka 1960, akapata shahada yake ya kwanza Kansas na ya pili Pittsburgh, kama wengi wenu wanafunzi mnaosoma hapa leo. Alikuwa na elimu ya juu ya sayansi. Lakini alipotaka kueleza kwa nini alipanda miti, alirudi kwenye mchezo wa mtoto mdogo kando ya maji. Mtu hulinda kile alichowahi kukishika.

Bustani hii ni ya watoto wetu pia

Walezi wengine, hasa sisi wageni, huona haya kuingia na mlolongo wa watoto weusi kwenye bustani ya mtaa. Tunajiuliza kama tunaruhusiwa, kama mtu atapiga simu. Ndiyo maana ni vizuri kujua historia ya bustani ya Driskell.

Mwaka 1927 William Magruder, aliyewahi kuwa meya wa Hyattsville, aliukabidhi mji ardhi hiyo kwa hati yenye sharti: itumiwe na wakazi wa Kizungu tu. Bustani iliitwa kwa jina lake kwa miongo mingi. Sharti lilipoteza nguvu zamani, lakini maneno yale yaliendelea kukaa kwenye hati hadi miaka ya karibuni, wakazi walipoyafukua na kudai yaondolewe pamoja na jina. Jina jipya ni la David Driskell, msanii na mwanahistoria wa sanaa ya Wamarekani weusi, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maryland kuanzia 1977 hadi 1998 na kuishi Hyattsville. Alifariki Aprili 2020. Miti ya misonobari ni miongoni mwa vitu alivyovichora tena na tena maishani mwake.

Basi mlezi anapoingia pale na watoto wanane wenye gambuti, haombi hisani ya mtu. Anatumia kilicho chao. Na ni jambo la haki kwamba mtoto wa ghorofa ya kupanga apate msitu sawa na mtoto ambaye wazazi wake wanaweza kulipia shule ya msituni. Kama walezi wa familia zetu hawatafunzwa, mchezo huu utabaki kuwa wa wenye uwezo, na watoto wetu watauona dirishani.

Kinachomzuia mwalimu

Mwalimu wa chekechea anayewafungia watoto ndani si mvivu. Mara nyingi anaogopa, na hofu zake zina msingi. Anaogopa mtoto kuanguka na mzazi kuja juu. Anaogopa kupe. Anaogopa mkaguzi. Anaogopa baridi ya Januari, na anaogopa zaidi ya vyote ujumbe wa jioni kwenye simu: "Mwalimu, mbona suruali ya mwanangu imechafuka?" Tusijifanye hatuutambui ujumbe huo. Wanaouandika ni sisi.

Tena ni kweli kwamba wengi hawakufundishwa. Hapa Maryland mwalimu wa kituo cha watoto wadogo anatakiwa kupata saa 90 za mafunzo kabla ya kukabidhiwa darasa. Ni saa nyingi na zina mambo muhimu: ukuaji wa mtoto, lugha, nidhamu, mitaala, usalama. Lakini mtu anaweza kuzimaliza zote amekaa kwenye kiti, akatoka na cheti safi, na bado asijue afanye nini mtoto akimletea mnyoo kiganjani.

Hitaji hili limeshatambuliwa. Mwaka 2013 ulianzishwa mtandao wa Natural Start Alliance, chini ya chama cha walimu wa mazingira cha Amerika Kaskazini chenye makao yake Washington, kwa ajili ya walimu wanaowatoa watoto wadogo nje. Mwaka 2014 shirika la National Wildlife Federation pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walitoa mwongozo wa namna ya kutengeneza na kutunza sehemu za watoto kucheza na mimea, maji, mchanga na magogo. Kwa hiyo maarifa yapo. Suala ni kuyafikisha kwa dada anayelea watoto sebuleni kwake kwenye mtaa wetu.

Mafunzo mazuri yanafundisha nini

La kwanza ni kupajua mahali. Mwalimu hutembea peke yake kabla ya kuwapeleka watoto. Anatazama matawi makavu yanayoning'inia, vipande vya chupa, mizinga ya nyigu. Anajifunza kuutambua mmea unaoitwa poison ivy, wenye vijani vitatu vitatu, unaotambaa ardhini au kupanda shina la mti, na ambao mafuta yake huwasha ngozi vibaya. Anajifunza kwamba Northwest Branch hupanda ghafla baada ya mvua kubwa na kwamba maji ya vijito vya mjini hubeba uchafu wa barabarani, hivyo siku hizo hakuna kuyasogelea, na siku zote mikono inaoshwa kabla ya kula. Radi ikisikika wanaingia ndani, na hawatoki tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

La pili ni kupe. Kwetu tuliwajua wa ng'ombe na mbwa. Hapa yupo mdogo kama mbegu ya ufuta anayeweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Hofu inapungua mtu akijua utaratibu: suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, kutembea katikati ya njia penye majani marefu, na ukaguzi wa mwili kila siku baada ya kutoka nje. Sehemu za kukagua ni nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani, kiunoni na nyuma ya magoti. Kwa kawaida kupe huhitaji kung'ang'ania kwa zaidi ya saa 24 kabla ya kuambukiza Lyme, kwa hiyo ukaguzi wa jioni ni kinga kubwa. Akipatikana, anakamatwa kwa kibano karibu na ngozi na kuvutwa moja kwa moja. Si mafuta ya taa, si njiti ya kiberiti, hata kama ndivyo babu alivyofanya.

La tatu ndilo gumu zaidi: kutofautisha hatari na changamoto. Hatari ni kitu ambacho mtoto hawezi kukiona wala kukipima, kama tawi lililooza juu ya kichwa chake. Hiyo mwalimu anaiondoa. Changamoto ni gogo ambalo mtoto analiona, anapima urefu wake, na kuamua kama anaweza kulipanda. Hiyo mwalimu anaiacha. Mtafiti wa Norway Ellen Sandseter, katika kazi yake ya mwaka 2007, alizipanga aina sita za michezo ya kuthubutu ambayo watoto huitafuta wenyewe: kupanda juu, kwenda kasi, kutumia vifaa vyenye makali, kuwa karibu na vitu kama maji na moto, kupigana mieleka ya utani, na kujificha mbali na macho ya wakubwa. Ukiangalia orodha hiyo utawaona watoto wa Tandika na wa Kisauni: mwembe, baiskeli bila breki, kisu cha kuchonga gari la mti, kombolela gizani.

Mafunzo yanabadilisha hata maneno. "Shuka, utaanguka!" humfanya mtoto atetemeke, na ndipo anapoanguka kweli. Mwalimu aliyefunzwa husogea karibu, akasimama chini ya mtoto, akauliza: "Mguu wako wa pili utauweka wapi?" Swali hilo linamrudisha mtoto kwenye mwili wake. Kama hana jibu, anashuka mwenyewe. Kanuni moja inarudiwa sana: usimnyanyue mtoto kumweka mahali ambapo hangeweza kufika mwenyewe.

La nne ni kunyamaza. Sisi tumezoea kwamba mwalimu ni yule anayesema. Mtoto akiokota tunda la mwaloni, ulimi unawasha: hii ni mbegu, hii ni rangi gani, hesabu moja mbili tatu. Mafunzo yanamwomba mwalimu asubiri, atazame mtoto anataka kufanya nini na mbegu ile, kisha ndipo aongeze neno moja au kitu kimoja. Labda ndoo. Labda swali: "Nani mwingine anazipenda hizi?" Kindi atajibu mwenyewe.

La tano ni utaratibu unaowapa watoto uhuru. Kuhesabu watoto kabla ya kutoka, wakifika, kila baada ya dakika chache, na kabla ya kurudi. Mipaka inayoonekana, kama kitambaa chekundu kwenye miti minne. Wito mmoja wa kukusanyika ambao watoto wote wanaujua. Nguo za akiba, maji, mkoba wa huduma ya kwanza, namba za wazazi. Ruhusa ya maandishi. Na kurudi mahali palepale kila wiki, kwa sababu mtoto haoni mengi siku ya kwanza. Ni safari ya tano ndipo anagundua kwamba chini ya gogo lile kuna jongoo.

Na mafunzo haya hayawezi kufanyika ukumbini. Mwalimu mwenyewe lazima aloweke mikono, ajenge kibanda cha matawi, akae kimya chini ya mti dakika kumi na tano. Mtu hawezi kumwachia mtoto kitu ambacho yeye mwenyewe anakikimbia.

Mombasa na Zanzibar walishaonyesha njia

Tusidhani haya ni mambo ya Wazungu tunayoletewa kwenye sahani. Mfano mmoja mkubwa wa kuwafunza walezi wa kawaida kuwafundisha watoto kwa kucheza ulitoka pwani yetu. Miaka ya 1980, viongozi wa jamii ya Waislamu wa pwani ya Kenya waliomba msaada wa elimu kwa watoto wao, na kwa ushirikiano na Wakfu wa Aga Khan mpango wa shule za awali za madrasa ukaanza Mombasa. Mwalimu Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar, na 1993 Uganda. Baadaye jamii zaidi ya 200 zikawa na shule za namna hiyo.

Angalia walivyofanya. Hawakuagiza walimu wenye shahada kutoka mbali. Waliwachukua wanawake wa kijiji au mtaa husika, wengi wao wenye elimu ya kawaida tu, wakawafunza. Hawakuishia kuwapa semina na cheti, bali wakufunzi waliwafuata madarasani, wakawatazama wakifundisha, wakakaa nao kuzungumza, wakarudi tena. Vifaa vya kuchezea vilitoka pale pale: makombe ya pwani, vifuu, mbegu, vipande vya mbao, mchanga. Mtaala ulichanganya mafundisho ya dini, mila za Waswahili, na mbinu za HighScope, taasisi ya Michigan hapa Marekani, ambapo mtoto hupanga atakachocheza, akacheza, kisha akasimulia alichofanya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa katika nchi zote tatu, ulionyesha kwamba watoto waliopita shule hizo walipiga hatua zaidi kimaarifa kuliko waliobaki nyumbani, na hata kuliko wa shule nyingine za awali.

Somo kwetu Hyattsville liko wazi. Mlezi wa kawaida anaweza, akifunzwa kwa vitendo na kufuatwa kwa muda. Kitu cha kuchezea si lazima kinunuliwe. Na mila ya nyumbani haiwekwi pembeni, inaingizwa ndani ya mafunzo.

Kina mama wetu wa deikea

Wanawake wengi wa Afrika Mashariki katika eneo hili hupata riziki kwa kulea watoto, wengine vituoni na wengine nyumbani kwao kwa usajili wa jimbo. Deikea ya nyumbani Maryland inaweza kuwa na hadi watoto 8, wasiozidi wawili wakiwa chini ya miaka 2. Kundi dogo hivyo ni rahisi kulihamishia chini ya mti kuliko darasa la watu ishirini.

Mama huyu ana hazina asiyoihesabu. Anajua kuwasha moto, kusuka ukili, kutofautisha udongo wa mfinyanzi na wa kichanga, kumtuliza mtoto kwa hadithi. Anachokosa ni ujuzi wa ardhi hii mpya: mimea yake, wadudu wake, majira yake, kanuni zake. Mafunzo mazuri yangeanza kwa kumwuliza anachokijua, kisha yakaongeza asichokijua. Kituo cha Prince George's Child Resource Center, kilichopo Largo, huwafunza walezi wa kaunti hii. Walezi watano wa Kiswahili wakiomba kwa pamoja somo la mchezo wa nje, sauti yao itasikika kuliko ya mmoja.

Tena ana Kiswahili. Wazazi wengi wananiandikia kwamba watoto wanaelewa lugha lakini hawaisemi. Darasani neno ni picha kwenye karatasi. Nje, neno lina uzito na harufu. Mtoto aliyeona vimulimuli mwezi Juni hasahau jina lao. Mforosadi unaomea kandokando ya njia zetu utamkumbusha mtu wa Unguja forosadi za kwao, ingawa kanuni ya mlezi ni kwamba hakuna kinachotiwa mdomoni mpaka mtu mzima mwenye uhakika aseme ndiyo. Na nyenze! Mwaka 2021 nyenze wa miaka 17 walitoka ardhini kwa mamilioni katika eneo hili lote, na watarudi 2038. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule atakuwa na miaka 17 watakapotoka tena. Itapendeza awe analijua jina lao kwa lugha ya bibi yake.

Vipi kuhusu sheria?

Hofu ya polisi na idara ya ulinzi wa watoto ni kubwa miongoni mwetu, kwa hiyo tuweke mambo sawa. Sheria ya Maryland inakataza kumwacha mtoto aliye chini ya miaka 8 peke yake ndani ya nyumba, jengo au gari bila mtu wa kuaminika mwenye angalau miaka 13. Mwishoni mwa 2014, jirani yetu hapa Silver Spring, watoto wa familia moja wenye miaka 10 na 6 walichukuliwa na polisi wakirudi nyumbani kwa miguu kutoka bustanini bila mtu mzima, na wazazi wakachunguzwa. Miezi michache baadaye ikatokea tena. Mwishowe wazazi walisafishwa, na mwaka 2015 jimbo likafafanua kwamba mtoto kucheza nje au kutembea bila kusindikizwa hakutoshi kuwa kosa, mpaka awe amedhurika au awe kwenye hatari kubwa ya kudhurika.

Lakini mchezo tunaouzungumzia ni tofauti kabisa. Mtu mzima yupo, amehesabu watoto, ana ruhusa ya wazazi. Kumwacha mtoto apande gogo huku unamtazama si uzembe. Ni malezi.

Wazazi, tuanzie hapa

Mwalimu hawezi kusonga kama sisi tunamvuta shati. Mpe mtoto nguo za kuchafuka, zile za mtumba, na uziache deikea pamoja na gambuti na soksi za akiba. Mwambie mwalimu kwa mdomo wako, au mwandikie: "Mwanangu akichafuka sitakasirika." Sentensi hiyo fupi inamwondolea mzigo mkubwa. Mtoto akirudi na mkwaruzo gotini, uliza kwanza alikuwa anajaribu kufanya nini, ndipo uulize nani alikuwa zamu.

Jioni mkague kupe huku mkizungumza. Usiulize "umejifunza nini leo", atasema "hakuna". Uliza alichokishika.

Wanafunzi wa chuo mnaofanya kazi za muda kwenye vituo vya watoto, nanyi mna nafasi. Mwalimu mmoja hawezi kuwatoa watoto kumi peke yake. Mikono miwili ya ziada ndiyo mara nyingi huamua kama kundi litatoka au litabaki ndani. Jitoleeni kuwa mikono hiyo, na mkipata mafunzo ya nje ya kulipiwa na kituo, yachukueni.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Walikuwa wanazungumzia kumfinyanga mtoto akiwa mdogo, lakini safari hii tuchukue methali kama ilivyo. Udongo wa Hyattsville bado una maji, na mwanao ana miaka minne mara moja tu. Jumatatu asubuhi unapomwacha deikea, kabla hujakimbilia gari, muulize mwalimu wake: "Leo watatoka nje kwa muda gani, na kuna chochote unachohitaji kutoka kwangu ili watoke zaidi?"

Akikujibu, tuandikieni. Tungependa kusikia walimu wetu wanasema nini.